Damu Haisemwi

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani mjini Morogoro, na kwa miezi minane nilikuwa nampelekea mama yangu mabaki ya vitambaa bila kujua kwamba anajizuilia damu. Naanza na hapo makusudi. Watu wakisikia kisa hiki hupenda kuniambia, "Lakini wewe dada ulipambana." Nilipambana, ndiyo, ila kwanza nilikuwa mjinga, na ujinga wangu ulidumu miezi minane.

Alianza kuagiza wakati wa kuvuna maharage. Akanipigia simu: "Ukija niletee vipande vya vitambaa. Vya pamba, sitaki nailoni." Nikamuuliza vya nini. "Nashona mito." Nikajaza nusu salfeti nikampelekea. Mwezi uliofuata akaagiza tena, na uliofuata tena, mpaka nikamtania, "Mama, mito yote hiyo, unafungua gesti?" Akacheka. Mara ya nne akasema vile vyeupe vya mashati ya shule ndivyo vizuri, vinafyonza. Vinafyonza! Mto gani duniani unafyonza? Mimi ninayeweza kujua mteja kanenepa kwa kumwona tu anavuka barabara, neno hilo lilinipita. Nikamchagulia vyeupe, na pasi nikavipiga.

Kwetu ni mlimani, juu ya Mlali, kwenye kabichi na maharage. Baba alishafariki, kaka yangu yuko Turiani kwenye miwa, na mama anaishi peke yake kwenye ardhi aliyoachiwa na mama yake, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Nilipanda Jumamosi moja nikakuta ameenda shambani. Mvua ikaanza. Nilijua paa la chumba chake linavuja upande wa kitanda, nikaingia kusogeza godoro. Nyuma ya mlango, juu kwenye dari anakohifadhi mahindi ya mbegu yapate moshi, kulikuwa na kamba, na kwenye kamba vitambaa vyangu. Nilivijua kimoja kimoja: shati la shule, gauni la kipaimara, shuka la mteja wangu wa mtaa wa pili. Vilikuwa vimefuliwa lakini madoa hayakutoka. Na kulikuwa na harufu ya kitu kilichooza, harufu ambayo hata moshi haukuimeza.

Mama yangu alikoma kuona siku zake nikiwa namnyonyesha mwanangu wa kwanza. Mwanangu huyo sasa ananyoa ndevu. Nilisimama pale na ncha ya godoro mkononi, mvua inanidondokea kisogoni, nikajua kuna jambo baya na sikujua jina lake.

Aliporudi akanikuta chumbani. Hata salamu yangu hakuipokea.

"Nani kakutuma humu?"

"Mama, hii damu inatoka tangu lini?"

Akavinyakua vitambaa vyote kwa mkupuo, akavisokota ndani ya khanga yake. "Hayo huongei na mimi," akasema. "Nenda kwa aliyekufunda."

Kwa asiyejua, kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwali, na mama yake mzazi hamfundishi kitu. Anafundwa na kungwi. Mama na binti watalima pamoja, watapika pamoja, watalia msibani pamoja, lakini habari za chini ya kitovu hazipiti kati yao, ni aibu. Mama aliwekwa ndani mwaka mzima. Mimi nilikaa wiki sita tu kwa sababu shule zilikuwa zinafungua. Kungwi wetu alikuwa yule yule mmoja: alimfunda mama akiwa bado mwanamke kijana, akanifunda mimi akiwa ameshaota mvi. Na somo la kwanza lilikuwa hili: damu haisemwi. Isionwe na jua, isionwe na mwanamume, na mama yako asisikie habari yake. Tulikaririshwa maneno hayo asubuhi na jioni mpaka nikayaota.

Lilikuwa somo la mtoto wa miaka kumi na mitatu, jamani! Hakuna aliyetuambia lina mwisho. Mama alilibeba mpaka uzeeni, ikamjia damu ambayo si ya mwezi wala si ya uzazi, akaificha kwa ustadi ule ule aliofundishwa. Kama wangekuwa wanatoa maksi angepata zote. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa mwanafunzi mzuri.

Nikashuka bondeni kwa kungwi, matope mpaka magotini. Nilikuwa nawaka, lakini kwetu hugombani na mzee kabla ya kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umelowa. Vuta kigoda ukae."

"Sikai bibi. Mama anatoka damu."

Hakushtuka. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kwelikweli, kwa sababu nilielewa kwamba alikuwa anajua.

"Aliniambia," akasema. "Nikampa mizizi achemshe. Ule ni usichana, umerudi kuaga. Huja, huondoka."

"Usichana gani wa miezi minane? Usichana unanuka?"

Akachochea moto wake taratibu. "Wewe umesoma," akasema. "Lakini mwili wa mwanamke mzee hukuusoma."

Nikamwambia neno ambalo mjukuu hapaswi kumwambia bibi. Nilimwambia mama akifa ni yeye atakayemwosha, basi aanze kuteka maji. Nikaondoka bila kuaga. Kuna watu kule bondeni wananisema kwa hilo mpaka leo, na wana haki, lakini nisingelisema nisingelala.

Mama alikataa kushuka mjini. Nikamwambia basi na mimi sishuki. Nikakaa siku mbili, simu inalia, wateja wanataka nguo zao za send-off, mimi namenya viazi naye hanisemeshi. Siku ya tatu akafunga mlango wa banda la kuku, akachukua kikapu. "Twende," akasema, "nikupumzishe huo mdomo."

Kwenye kikapu kulikuwa na daftari lake la zahanati. Kumbe alishakwenda mara tatu! Nikalifungua tukiwa kwenye gari. Ukurasa wa kwanza: UTI. Wa pili: UTI. Wa tatu: UTI sugu, maumivu ya mgongo. Kila mara kapewa vidonge. Jamani nchi hii, ukiumwa kichwa una UTI, ukiumwa roho una UTI. Nikamuuliza, "Mama, uliwaambia unatoka damu?" Akatazama dirishani. Mganga wa pale ni kijana wa kiume, akasema, rika la mjukuu wake. Angemwambiaje? Alimwambia mgongo.

"Na yeye hakukuuliza?"

"Hakuniuliza."

Mganga haulizi, mgonjwa hasemi, na kitu kiko ndani kinakula. Mara tatu mama yangu alitembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, mara tatu akakaa mbele ya mtu aliyesomeshwa kazi hiyo, na swali moja fupi halikutoka. Ningependa sana kumlaumu kijana yule peke yake, ingenipunguzia. Lakini hata mimi niliyezaliwa na tumbo hilo sikuuliza.

Mjini tulikwenda hospitali ambayo sitaitaja. Tulipokelewa na tabibu, kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni.

"Mama, unasumbuliwa na nini?"

"Mgongo, baba," mama akasema.

"Na anatoka damu ukeni," nikasema mimi. Mama akafunika uso kwa khanga. "Miezi minane sasa. Alishakoma kuona siku zake miaka mingi."

"Umri?"

"Sitini na mbili."

Akaandika. "Hizo ni homoni. Kwa umri huu ni kawaida."

"Kawaida ya nani? Mama yako na yeye anatoka?"

"Dada," akasema, "tuheshimiane."

"Nakuheshimu. Ndiyo maana nakuuliza wewe, siulizi ukuta."

Akasema tumeze dawa, turudi baada ya miezi miwili. Nikamwekea daftari mbele yake. Nikamwambia aandike. Aandike kwamba mama wa miaka sitini na mbili anatoka damu kwa miezi minane, na kwamba yeye ameona hakuna haja ya kumpima, na chini yake aweke jina na sahihi. Sikupiga kelele, naapa. Nilisema polepole, kama ninavyomwambia mteja anayekataa kwamba kiuno kimeongezeka. Alilitazama lile daftari. Kisha akachukua karatasi nyingine, akatuandikia twende chumba cha afya ya mama.

Kule tukamkuta muuguzi mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kuchoka. Akasoma karatasi, akatingisha kichwa. "Hiki kipimo chetu cha siki, cha kuangalia mlango wa kizazi, ni kwa akina mama wa umri fulani. Huyu amevuka."

"Amevuka umri wa kuumwa?"

Nilikuwa nimeshajiandaa kwa vita ya pili, lakini muuguzi yule akanishika mkono, akanisogeza pembeni. "Usigombane na mimi, nisikilize," akasema. "Hiki kipimo ni cha kumchunguza ambaye hana dalili. Mama yako anazo. Huyu ni wa kuonwa na daktari wa wanawake, amtazame kwa macho, amkate kinyama kipimwe. Ukiingia kwake usianze na mgongo. Sema hivi: kakoma hedhi, anatoka damu, ana majimaji yenye harufu, mgongo na nyonga vinamuuma, amepungua mwili. Yaseme yote kwa mpigo. Ukisema moja moja watakupa dawa ya moja moja."

Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenisaidia, na alinisaidia kwa kunipa maneno. Niliyakariri nikiwa nimesimama pale pale. Mengine aliniambia bila mimi kuuliza: kwamba hata mwanamke kijana akitoka damu baada ya kukutana na mumewe, au katikati ya mwezi bila mpango, asingoje. Aliniambia haraka haraka, foleni inamsubiri, na nilijiuliza kwa nini habari kama hiyo inanong'onwa kwenye korido wakati matangazo ya mbolea yanapigwa kwa spika soko zima.

Daktari wa wanawake alikuwa mwanamke. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Mama alipoona kile kitanda chenye vyuma vya kuwekea miguu akageuka kuelekea mlangoni.

"Siwezi kupanua miguu mbele ya mtoto," akasema. Daktari alikuwa na miaka thelathini na kitu.

"Mama, huyu ni daktari."

"Mwili wangu kauona baba yenu, kauona kungwi. Waliobaki ni watakaoniosha."

"Kwa hiyo unawangoja hao?"

"Kama Mungu kapanga hivyo."

Hakuna aliyemweza. Daktari alimbembeleza kwa upole, nikambembeleza mimi, kisha nikafoka, na kufoka kukaharibu zaidi. Tukarudi nyumbani. Kesho yake sikushona kitu. Nilikaa kwenye cherehani nimeinamia gauni la watu, nalia, mama amekaa kwenye mkeka nyuma yangu anachambua mchele wa Dakawa, akitoa kokoto moja moja, ametulia tuli. Nilitamani kumtikisa mabega. Mtu anaweza kumpenda mama yake na akatamani kumtikisa, sioni ajabu yake.

Asubuhi iliyofuata bodaboda ikasimama mbele ya baraza. Nyuma ya dereva alikaa kungwi, zaidi ya miaka themanini, kavaa sweta na viatu vya mvua, amemng'ang'ania kijana wa watu kiunoni mpaka shati limempanda kifuani. Kashuka kutoka mlimani namna hiyo, kona zote zile. Sikujua niamkie au nikimbie.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi? Nimesikia kakataa kitanda. Nimekuja kumtoa."

Nilielewa, na mama aliyekuwa ndani akaelewa, kwa sababu mkono wake ukasimama kwenye ungo. Kwetu mwali hatoki ndani kwa kuamua mwenyewe, wala mama yake hamtoi. Anayemtoa ni kungwi aliyemweka. Mimi nilikuwa nimeleta hoja, machozi na daftari, na wala sikuwa na mamlaka. Alikuwa nayo yule bibi, na kwa miezi minane alikuwa ameyakalia. Hakuniomba radhi kwa hilo. Na mimi kwa lile la kuteka maji sikumwomba.

Hospitalini niliachwa nje ya pazia, maana mimi ni binti. Nikasikia mama anasema hawezi. Nikasikia fimbo ya kungwi inagonga sakafu.

"Mficha uchi hazai. Ulizaa wawili kwa kuficha?"

"Nilikuwa kijana."

"Sasa ni mzee, aibu ya nini? Panda. Nilikwambia usiseme, leo nakwambia sema. Mwonyeshe mtoto afanye kazi yake."

Kitanda kikalia. Kwa muda mrefu sikusikia kitu ila vyuma na mama akihesabu Salamu Maria kwa sauti ndogo. Daktari alipotoka kunawa mikono uso wake ulikuwa umebadilika. Akatuita sote watatu tukae. Akasema ameona kidonda kwenye mlango wa kizazi, amekata kinyama, majibu ndiyo yatakayosema kwa hakika, lakini hataki tujidanganye. Kisha akasema neno ambalo nililisubiri mtu alitamke tangu siku ya godoro: mwanamke aliyekoma hedhi akitoka damu, hata tone moja, hiyo si kawaida, aje siku ile ile.

"Hata tone?" kungwi akauliza.

"Hata tone, bibi."

"Mimi inanitoka tangu mavuno ya mwaka juzi," akasema kungwi.

Alilisema kama mtu anayesema mvua ilinyesha kwao jana. Mama akamgeukia. Ndipo nilipofahamu ule usichana unaorudi kuaga aliutoa wapi. Hakuurithi kwa wahenga. Aliutunga mwenyewe, peke yake kule bondeni, apate kulala, kisha akawagawia wengine kama dawa. Aliona anatoka damu na bado anatembea, anachota maji, anafunda wasichana, akaamini. Nilikuwa nimemchukia kwa siku nne mfululizo, nikajikuta sina pa kuiweka ile chuki.

"Panda na wewe, bibi," daktari akasema. Akapanda bila ubishi.

Vinyama viwili vikapelekwa Dar. Wiki tatu, wakasema. Hapa kwetu treni ya umeme inatoka stesheni na kufika Dar kabla sijamaliza kushona suruali moja. Watu wanaenda asubuhi kununua vitenge, mchana wamerudi. Lakini kinyama cha mama yangu, ambacho kingekaa ndani ya kiganja, kilikwenda na hakikurudi. Wiki ya tano nikapiga simu: hayajatoka. Ya sita: mtandao unasumbua. Ya saba nikafunga cherehani nikaenda mwenyewe. Dada wa mapokezi akafungua droo kutafuta kalamu, na humo, juu kabisa, nikaona jina la mama. Karatasi ilikuwa imegongwa muhuri wa kupokelewa siku kumi na sita nyuma. Siku kumi na sita, kwenye droo, pamoja na kalamu na pakiti ya biskuti!

"Hamkupigiwa?" akaniuliza.

Sitaandika nilichojibu. Mlinzi alikuja kunitoa, akasimama, akasikiliza, akarudi zake getini. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakaanza mmoja mmoja kusimama na kuuliza majibu yao, na droo ile ikafunguliwa tena na tena asubuhi yote.

Ya mama ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Imetoka nje kidogo, haijafika mbali. Daktari alituambia wazi: mngekuja mwanzo kabisa tungeikata yakaisha, sasa ni mionzi na dawa za dripu huko Dar, lakini inatibika na msichelewe tena. Ya kungwi ilikuwa imeshaingia kwenye kibofu. Alisikiliza, akauliza kama mionzi itamrudisha pale alipokuwa. Daktari hakumdanganya, akasema itapunguza maumivu na damu. Bibi akasema basi apewe dawa ya maumivu, akafie kwake. Tulimsihi, akakataa, na safari hii sikumpigia kelele.

Mama tulimpeleka. Wiki zile sizisimulii kwa urefu: kituo cha treni, korido, mama akitapika kwenye mfuko, mama akilalamika kwamba ugali wa Dar hauna ladha. Alirudi kakonda, anatembea kwa kujishika ukuta, lakini damu imekoma. Amepona? Daktari anasema arudi kila baada ya miezi mitatu na tusiseme neno hilo bado. Alipoweza kutembea alipanda mlimani, na kila siku alishuka bondeni kukaa na kungwi, kumgeuza, kumfulia. Walichoongea sikijui. Kungwi alikufa mwanzoni mwa masika.

Msiba ulijaa. Alikuwa amefunda wanawake wa vijiji vitatu. Baada ya misa mjomba wa ukoo akasimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto saba. Kisha akasoma, "Marehemu alisumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu." Na akamsifu kwamba alikuwa mwanamke wa siri, hakuwahi kutoa nje la ndani. Watu wakaitikia.

Tumbo! Nikaanza kuinuka. Mkono ukanirudisha chini, wa mama. Akasimama yeye. Mama yangu ambaye kwenye jumuiya hata sala ya kufunga humwachia mwenzake.

"Halikuwa tumbo," akasema.

Mwanzoni watu walidhani ni utani, maana watani walikuwa wakituchekesha tangu asubuhi. Mjomba akamwambia, "Dada, keti."

"Siketi. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Alitoka damu miaka miwili akasema si kitu. Na mimi nilitoka damu miezi minane nikasema si kitu, nikatibiwa, nipo." Wanaume wakaanza kukohoa. Katekista akawa anatazama viatu vyake. "Alinifundisha kunyamaza na yeye mwenyewe akanitoa. Sasa nauliza, hapa nani mwingine anatoka damu isiyo na mpango?"

Mjomba akaikunja karatasi, akamwomba padre abariki jeneza, na tukaenda kuzika. Wengine waliponipita njiani hawakunitazama.

Wakaja baada ya chakula, nyuma ya nyumba, tukiwa tunaosha sahani. Wa kwanza alijifanya anakuja kusaidia kusuuza. Akamnong'oneza mama. Akaja wa pili. Wa tatu alikuwa binti wa miaka ishirini na nane, ana watoto wawili, kila akilala na mumewe anatoka damu, na mumewe amesema akae kimya. Wa nne alikuwa dada yake mjomba, aliyeimba kwa sauti kuliko wote kaburini. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Na kila mmoja alikuwa na tarehe yake: baada ya arobaini, baada ya kupalilia, wiki ijayo kama mume ataruhusu.

Mama akafuta mikono kwenye khanga. Barabarani lilisimama fuso, limeshapakiwa kabichi mpaka juu, linangoja kushuka mjini. Akalifuata, anajishika kwenye ua, na wale wanne nyuma yake, na mimi nyuma yao na sahani bado mkononi.

"Shusha," akamwambia dereva.

"Nishushe nini, mama?"

"Kabichi. Watu wanne wakae. Watalala kwa binti yangu, asubuhi wawe kwenye benchi."

"Mama, hizi zikilala hapa zinaharibika."

"Zikiharibika utapakia nyingine," mama akasema. "Hawa sina wengine."